Je, Kipaji Kikubwa Hufundishika? Mfano wa Wilt Chamberlain

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika mpira wa kikapu wa kulipwa, methali hii inazua swali: mchezaji mwenye kipaji kuliko wenzake wote, akishakomaa, bado anafundishika? Tunalijibu kwa historia ya Wilt Chamberlain, aliyezaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1936.

Msimu wa 1961–62, kocha Frank McGuire alitaka mipira mingi iwezekanavyo imfikie Chamberlain. Akafunga wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo, na tarehe 2 Machi 1962 akafunga pointi 100 dhidi ya New York Knicks. Hata hivyo, ubingwa ulichukuliwa na Boston Celtics.

Mwaka 1966 Alex Hannum alipewa timu ya Philadelphia 76ers. Alimtaka Chamberlain apunguze kufunga, agawe pasi na azidishe ulinzi. Haikuwa rahisi kumwambia hivyo mtu aliyekuwa ameongoza ligi kwa pointi kwa misimu 7 mfululizo. Lakini alikubali. Wastani wake ulishuka hadi pointi 24.1, na pasi zake za kufungisha zikafika 7.8. Timu ilishinda michezo 68, ikapoteza 13, na kuwavua Boston ubingwa waliokuwa wameushikilia miaka 8. Chamberlain alikuwa na umri wa miaka 30. Samaki alikuwa amekwisha kukauka, na bado alikunjika.

Tusidhani kwamba tangu hapo alikuwa mtiifu kwa kila kocha. Kule Los Angeles Lakers, yeye na Butch van Breda Kolff hawakuelewana. Katika mchezo wa 7 wa fainali, tarehe 5 Mei 1969, Chamberlain alitoka akiwa ameumia goti. Alipoomba kurudi, kocha alikataa, na Lakers wakafungwa 108–106.

Kisha akaja Bill Sharman, aliyeanzisha mazoezi mepesi asubuhi ya siku ya mchezo. Chamberlain hakupenda kuamka mapema, lakini alihudhuria. Msimu huo wa 1971–72 alifunga wastani wa pointi 14.8 tu, Lakers walishinda michezo 33 mfululizo na kutwaa ubingwa.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kipaji huziba masikio. Mchezaji alikuwa yuleyule. Waliobadilika ni makocha. Tunaloliona ni kwamba mwenye kipaji kikubwa ana mengi ya kuacha anapotii, hivyo hudai kuona faida kwanza. Hannum na Sharman walimwomba aache pointi, na wote wawili walimfikisha kwenye ubingwa.