Saratani Iliyopanda Ndege Kutoka Uganda Hadi London

Wadau, mastaa wenye majina tunawaongelea kila siku. Leo tuwaongelee ambao majina yao hayamo popote, tena wa hapa hapa jirani.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala. Kuna mtoto kavimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Anaitwa daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland mwenye jicho moja (jingine alilipoteza utotoni). Anapiga picha, anakuna kichwa. Wiki chache baadaye yuko Jinja, anachungulia dirishani, anamwona mtoto mwingine kavimba vile vile. Hapo ndo akashtuka.

Ilikuwa saratani ya limfosaiti, zile seli nyeupe za damu zinazotulinda na maradhi. Sasa hivi inaitwa limfoma ya Burkitt, na ina mbio za hatari: uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakapita Tanganyika mpaka Afrika Kusini, karibu kilomita 16,000, wakiuliza hospitali zaidi ya 50 kama wanaujua ugonjwa huo. Jibu lilifuata joto na mvua, yaani karibu ramani ile ile ya malaria.

Huko London, mtafiti Anthony Epstein alihisi kuna kirusi. Akawa anatumiwa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, anatafuta, patupu. Zaidi ya miaka miwili, patupu!

Desemba 1963 ukungu ukafunga London, ndege ikageuziwa Manchester. Kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka kama yameoza. Mwingine angemwaga. Yeye akaweka tone kwenye hadubini: kumbe ule uchafu ni seli hai zilizotikisika njiani zikabanduka! Msaidizi wake, Yvonne Barr, akazikuza maabara, zikawa zinazaliana zenyewe. Februari 1964 kirusi kikaonekana kwenye hadubini ya elektroni. Inasemekana Epstein alizima mashine akatoka kutembea kwenye theluji ili atulie.

Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyefanya kazi ya hadubini na kusaini ugunduzi ule pamoja nao, jina halikuingia. Kwangu mimi hiyo si haki. Na watoto wa Uganda ambao miili yao ndo ilitoa zile seli, ndo kabisa.

Sasa cheki hii: zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho kirusi hicho, huenda na wewe unayesoma. Wengi hakiwafanyi kitu. Malaria ya mara kwa mara huchosha ulinzi wa mwili wa mtoto, halafu ndani ya seli kipande cha kromosomu kinahamia pasipo pake, na jeni iitwayo MYC, inayoamrisha seli kugawanyika, inabaki imewashwa. Kama pikipiki iliyokwama mafuta.

Kampala ikafungua kituo maalum cha matibabu mwaka 1967, na kuna watoto waliopona kwa dawa za kemo tu, bila kisu. Tatizo ni muda. Ikianzia tayani, dalili ya mwanzo mara nyingi ni meno kulegea, na mzazi gani akiona jino la mtoto linacheza anawaza saratani?