Kutoka Korona hadi Shambani: Historia ya Wajibu wa Kutoa Vifaa Kinga

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Afrika Mashariki ilikuwa 62 tu. Miche hiyo ndiyo chimbuko la mashamba yaliyoipa Tanganyika nafasi ya kwanza duniani katika zao hilo, mashamba yaliyoendeshwa kwa jasho la manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba, utomvu wake huwasha ngozi, na singa zinapopigwa brashi hutoa vumbi linaloingia kifuani. Nani alipaswa kumpatia mfanyakazi huyo kinga?

Sheria ya Kiingereza, iliyokuja kutawala huku, ilichelewa kulijibu swali hilo. Katika karne ya 19 mahakama zilishikilia kwamba aliyeikubali kazi ameikubali na hatari yake. Sheria ya Viwanda ya 1833 iliweka wakaguzi wanne kwa nchi nzima, ikishughulika hasa na saa za kazi za watoto. Ile ya 1844 ilidai mashine zizungushiwe uzio. Ya 1937 ikayafikia macho: katika kazi zilizotajwa, mwenye kiwanda alitakiwa kutoa miwani au vizuizi vya kinga.

Desemba 1950 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya fundi wa gereji wa halmashauri ya Stepney, London, aliyekuwa na jicho moja tu zima. Kipande cha chuma kiliruka kikalipofua. Mwajiri alijitetea kwamba kazi ile haikuwa na desturi ya kuvaa miwani. Majaji walio wengi walimkatalia: kwa kuwa alijua hali ya fundi wake, alipaswa kupima ukubwa wa madhara ambayo yangempata fundi huyo hasa.

Mwaka huohuo, Tanganyika na Kenya zilitungiwa sheria za viwanda kwa kufuata mfano wa Uingereza. Zilikuwa hatua ya kweli, lakini mipaka yake ilikuwa kiwanda. Aliyelisha majani kwenye korona, mashine ya kutenganisha singa na jani, alihesabiwa. Aliyeyakata shambani, miiba ikimchoma mikono, alibaki nje.

Kupanua mipaka hiyo kumechukua nusu karne. Mwaka 1981 Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani ulitamka kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kenya iliongeza sehemu nyingine za kazi mwaka 1990, kisha ikatunga sheria mpya mwaka 2007. Sheria hiyo inamtaka mwajiri kutoa na kutunza mavazi na vifaa vya kinga kwa wanaokumbana na majimaji au vitu vya kudhuru, vikiwemo glavu, viatu, miwani na kofia panapohitajika. Tanzania Bara ilitunga yake mwaka 2003, ikigusa pia kilimo.

Historia hii inatufunza kwamba glavu si hisani ya bosi, wala kumgawia mtu barakoa hakumalizi wajibu ikiwa vumbi lingeweza kuzuiwa linakotoka. Wengi bado wako nje ya mipaka: vibarua wa ujenzi wasio na mkataba, wapulizia dawa wa msimu. Mkaguzi asipofika walipo, sheria ya leo itawaacha kama ile ya 1950 ilivyomwacha mkata mkonge.