Mtoto wa Keshia wa Mahakama Kuu

Tarehe 5 Septemba 2026 inatimia miaka 80 tangu Farrokh Bulsara azaliwe Unguja, na ubishi wa siku zote hautakosa kurudi: Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen, ni Mzanzibari au si Mzanzibari? Wanaokataa hawakosi hoja. Aliondoka akiwa na miaka minane hivi kwenda shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie, huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi, The Hectics, na alipopata jina duniani aliitaja Zanzibar kwa nadra. Lakini kuondoka hakukuwa kuhama. Baba yake, Bomi, Mparsi mwenye asili ya Gujarat, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu chini ya Waingereza, na mtumishi wa aina yake kumpeleka mwanawe kusoma India lilikuwa jambo la kawaida. Kijana alirudi nyumbani 1963. Kilichomwondoa mara ya pili hakikuwa shule bali Mapinduzi ya Januari 12, 1964, yaliyoifanya familia ikimbilie Feltham, pembezoni mwa London.

Yaliyofuata yanajulikana: chuo cha sanaa cha Ealing, Queen mwaka 1970, “Bohemian Rhapsody” kukaa wiki tisa kileleni Uingereza, Live Aid uwanjani Wembley 1985, na kifo Novemba 24, 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa ana UKIMWI.

Kisa chenyewe cha ubishi huu kiko mwaka 2006. Mgahawa wa ufukweni Mji Mkongwe uliobeba jina lake uliandaa sherehe ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikaja juu: mtu aliyejulikana kwa mapenzi ya jinsia moja hafai kuenziwa katika nchi ya Kiislamu, tena miaka miwili tu baada ya Baraza la Wawakilishi kupitisha sheria kali dhidi ya mapenzi hayo. Sherehe ikafutwa. Waumini wana haki ya kukataa kumfanya mfano wa maadili, na hakuna anayewalazimisha. Ila ghadhabu ile yenyewe ni ushahidi, kwa sababu mtu haoni aibu kwa mwenendo wa mgeni. Huona aibu kwa wa kwao. Waliomkana kwa sauti kubwa ndio waliokiri kuwa alitoka hapa. Upande wa pili nao, wa walioandaa sherehe, tuseme kweli, ulikuwa ukiangalia zaidi mfuko wa mtalii.

Makumbusho yake yalifunguliwa Shangani 2019, mwaka mmoja baada ya filamu ya maisha yake iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar, na watalii humiminika kupiga picha mlangoni. Ni hatua njema, japo biashara imetangulia historia. Kilichobaki nyuma ni habari za Waparsi wenyewe, makarani na makeshia wa Mji Mkongwe, ambao bila wao swali la uzawa wa Bulsara halijibiki. Anayetaka kuwasimulia hana budi kueleza pia kwa nini waliondoka 1964, na hapo ubishi unakuwa mzito kuliko ule wa nyimbo.