Kitabu cha Jaji Littleton Kilivyotawala Ardhi

Jaji Thomas Littleton wa Westminster alifariki Agosti 1481. Aliacha kitabu kifupi alichomwandikia mwanawe Richard, kuhusu nani anashika ardhi, chini ya nani na kwa masharti gani. Alikiandika kwa Kifaransa cha mahakamani, lugha ambayo mawakili wa Uingereza waliing'ang'ania hata ilipokuwa imechakaa vibaya.

Wapigachapa wawili wa London, John Lettou na William de Machlinia, walikitoa bila kutaja mwaka. Wataalamu wanakadiria 1481 au 1482, miaka michache tu tangu William Caxton afungue mtambo wake wa kuchapa Westminster. Ni miongoni mwa vitabu vya sheria vya mwanzo kabisa kuchapwa nchini humo.

Kwa sheria aliyoieleza Littleton, ardhi yote hatimaye ilikuwa ya mfalme. Waliobaki waliishikilia tu, kila mmoja kwa wajibu wake. Watawa waliilipia kwa sala. Mwingine alibeba bendera ya mfalme vitani, na mwingine alidaiwa upinde au mshale. Mpakani kaskazini, wapo ambao kazi yao ilikuwa kupuliza pembe Waskoti wakivamia.

Littleton anaonyesha hata jinsi ya kula kiapo. Mpewa ardhi alivua mkanda na kofia, akapiga magoti mbele ya bwana aliyeketi, akaweka viganja vyake katikati ya viganja vya bwana huyo na kujitangaza kuwa mtu wake. Kisha bwana alimbusu. Mwanamke asiyeolewa alipewa maneno mengine, maana haikufaa ajitangaze kuwa wa mwanamume asiye mumewe.

Mwaka 1628, Edward Coke, jaji mkuu aliyefukuzwa kazi na Mfalme James, alitoa ufafanuzi wa kitabu hicho. Ukurasa wake ni msongamano: Kifaransa cha Littleton na tafsiri ya Kiingereza vinakwenda sambamba, na maelezo ya Coke yanavizingira, yakikatiza mara kwa mara kueleza neno, kesi au methali ya Kilatini. Kusema kweli, anachosha. Thomas Jefferson, rais wa baadaye wa Marekani, alimlaani Coke katika barua ya 1762 alipokuwa akisomea sheria, ingawa baadaye alimsifu. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne mbili, wanafunzi wa sheria hawakuwa na pa kumkwepa.

Sura moja ya Littleton inamhusu mtu anayekaa kwenye ardhi kwa ridhaa tu ya mwenye ardhi. Huyo anaweza kuondolewa wakati wowote. Lakini akiwa ameshapanda nafaka, ana haki ya kurudi kuvuna na kubeba mazao yake, kwa sababu hakuweza kujua siku atakayofukuzwa.

Fundisho hilo lilivuka bahari pamoja na sheria za Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Isaka Wainaina alimshtaki Mkikuyu mwenzake, Murito, kwa mgogoro wa ardhi nchini Kenya. Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba sheria ya ardhi ya 1915 na amri ya 1920 iliyoifanya Kenya koloni zilikuwa zimefuta haki zote za wenyeji juu ya ardhi yao. Sasa walikuwa wakaaji kwa ridhaa ya Mfalme. Walowezi, chini ya sheria hiyohiyo ya 1915, walipewa mikataba ya miaka 999.