Serkle, pisini na uwanja wa mpira: Kolwezi inakumbuka nini?

Ukikaa na wafanyakazi wa zamani wa Gécamines mjini Kolwezi, wawe wa Musonoi, wa Kapata, wa Luilu au wa Mutoshi, mazungumzo hufuata njia ile ile. Watataja mshahara uliofika kwa siku yake, poso ya unga, hospitali na shule ya watoto. Kisha watafika kwenye serkle, sinema ya jioni, fanfari, pisini na mpira wa siku ya yenga. Hapo hata yule aliyekuwa kimya atatia neno.

Kwa familia zilizohamishwa Kasulo na Sité Gécamines miaka hii ya karibuni, habari hiyo inawagusa leo. Wazazi wao waliona milango ya serkle ikifungwa. Wao wenyewe wameona uwanja ambapo watoto walicheza ukizungushwa ukuta au ukichimbwa. Nyumba inahesabiwa, mwembe unahesabiwa. Mahali pa kuchezea hapaandikwi popote, kwa sababu hapana mwenyewe.

Watu wa Kolwezi si wa kwanza kulilia mahali pa burudani. Huko Marekani, katika bustani ya michezo ya Disney jimboni Florida, kulikuwa na mchezo ulioitwa Splash Mountain: watu walipanda kigogo cha kuelea na kuteremka kwa kasi kwenye maji. Ulipofungwa mwezi wa kwanza 2023, wapenzi wake walipanga foleni ya saa nyingi ili wapande mara ya mwisho, wengine wakatia saini barua za kuomba usifungwe, na wako waliouza chupa za maji waliyodai yametoka humo. Lakini mchezo ule ulijengwa juu ya filamu ya mwaka 1946 iliyopamba maisha ya watu weusi kwenye mashamba ya Wazungu, kama vile hapakuwa na dhuluma. Waliolia walikuwa na haki ya kulia, maana walikumbuka siku njema na watoto wao. Na waliotaka ubadilishwe nao walikuwa na haki. Kolwezi inabeba mambo hayo mawili pamoja, tena kwa uzito zaidi.

Burudani iliyotoka ofisini

Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilileta wanaume kutoka mbali kwa mkataba mfupi, na wengi walikufa kwa magonjwa au walitoroka. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 ikabadili siasa yake. Mfanyakazi alipewa mkataba mrefu zaidi, akaruhusiwa kuja na mke, watoto wakazaliwa kambini. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa mwaka 1937, wakati siasa hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa.

Kompani iliyotaka mtu akae miaka mingi ilipaswa kufikiri pia atafanya nini baada ya king'ora cha jioni. Ndipo zikaja timu za mpira, vyombo vya fanfari, skauti, sinema zilizochaguliwa na wakubwa au wamisionari, na nyumba za akina mama za kujifunzia kushona, kupika na kulea. Hesabu yake ilikuwa wazi. Mfanyakazi anayecheza mpira Jumapili ataonekana kazini Jumatatu. Anayeangalia sinema hayuko kwenye pombe, wala hayuko kwenye mkutano wa kudai mshahara.

Hata hivyo uwanja haukuweza kumzuia mtu kusema. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma kwa sababu ya mishahara midogo na bei zilizopanda wakati wa vita. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Tarehe 9, askari waliwapiga risasi papo hapo, na makumi ya watu wakafa. Miaka zaidi ya thelathini baadaye mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora mauaji hayo katika picha zake za historia ya nchi, kwa kuwa watu walikuwa bado wanayasimulia. Anayekumbuka uwanja wa kompani kwa furaha hana budi kukumbuka na siku hiyo.

Serkle mbili, miji miwili

Wakati wa ukoloni, mji wa Wazungu ulitengwa na sité za Waafrika, na burudani nayo ilitengwa. Pisini na serkle nzuri zilikuwa upande mmoja. Kolwezi ilikuwa hata na uwanja wa mbio za farasi. Wengi leo wanaukumbuka kwa jambo jingine: tarehe 19 mwezi wa tano 1978, siku sita baada ya wapiganaji wa FNLC kuuteka mji, askari wa miavuli wa Ufaransa waliruka na kutua kwenye uwanja huo wa zamani wa farasi. Katika siku hizo waliuawa mamia ya watu, Waafrika na Wazungu.

Mwaka 1967 serikali iliichukua kompani, na baadaye ikaitwa Gécamines. Wakongo wakapanda vyeo, wakaingia mahali ambapo baba zao walipita nje tu. Lakini ngazi haikuondoka. Wakubwa wa kazi walikuwa na serkle yao, wafanyakazi wa kawaida na yao. Mtoto wa kadre na mtoto wa mchimbaji wangeweza kukaa mji mmoja bila kuogelea maji mamoja. Na mtu wa Kasulo au wa mtaa mwingine usio wa kompani, muuza sokoni au mkulima, mara nyingi hakuwa na lake hapo kabisa.

Kwa hiyo mtu anaposema "zamani sote tulifurahi", ni vizuri kumuuliza kwa upole: sote nani?

Waliyojitengenezea wenyewe

Kuna upande mwingine ambao huzuni ya serkle inaufunika. Kompani ilijenga kuta na kununua tarumbeta, lakini muziki haukutoka ofisini. Kabla ya kompani kuzoea kuandaa burudani, wafanyakazi wa Katanga walikuwa tayari wanacheza mbeni, ngoma iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki na kuenea mpaka huku. Ndani yake watu walivaa na kujipanga kama askari, wakawaiga wakubwa na kuwacheka. Wakoloni waliitazama kwa wasiwasi.

Baada ya hapo likaja gitaa. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi, na upigaji wake wa vidole ukafika Nairobi na Ulaya. Edouard Masengo na Losta Abelo nao wakalipeleka mbali gitaa la Katanga. Huko Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza michezo ya kuigiza kwa Kiswahili cha watu, na redio ikaifikisha nyumbani kwa wale ambao hawakuwahi kukanyaga serkle. Hakuna mkataba wa kazi ulioagiza mambo hayo. Yalitoka uani, kwenye baa na chini ya miembe.

Jinsi milango ilivyofungwa

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na kila mmoja alikuwa na familia nyuma yake. Pesa nyingi zilikuwa zinachukuliwa na serikali ya Mobutu bila kurudi kwenye mashine. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1991 ukafika uporaji. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa hapa, walifanya kazi hapa, na walicheza katika timu hizo hizo. Walisubiri treni kwenye stesheni kwa majuma, na wengine walifia hapo. Mwaka 1994 shaba iliyotolewa ilikuwa imeanguka mpaka tani 30,000 hivi.

Serkle haikufungwa siku moja kwa tangazo. Kwanza sinema ilikosa filamu. Kisha pisini ilikosa maji, fanfari ikakosa vyombo, na mpira ukakosa usafiri wa kwenda kucheza ugenini. Mishahara ilichelewa miezi, halafu miaka. Mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na wengi wao mpaka leo wanasema pesa waliyopewa haikulingana na miaka yao ya kazi.

Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu mwaka 2001 kuhusu familia hizo. Kwa Kiswahili jina lake lingekuwa "Wana wa Shaba walioachwa na baba yao". Linatokana na usemi wa sité zetu: kompani ndiyo baba, kompani ndiyo mama. Katika usemi huo mna shukrani, na mna hatari pia. Aliyemzoea baba wa namna hiyo hujifunza kungoja apewe, na baba akiondoka hajui adai kwa nani.

Kasulo: uani mpaka shimoni

Mwaka 2014 mkaaji mmoja wa Kasulo alichimba kwenye kiwanja chake akakuta madini yenye kobalti. Habari ikaenea haraka. Watu wakachimba uani, jikoni, hata ndani ya chumba cha kulala. Mtaa ukajaa mashimo na vifuniko vya turubai. Mahali ambapo watoto walikimbia pakawa hatari, kwa sababu ardhi ilikuwa tupu chini yake.

Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilikabidhiwa kompani ya Congo Dongfang Mining, ikazungushwa ukuta, na mamia ya familia wakahama. Upande wa Sité Gécamines, mgodi wa COMMUS umekuwa ukipanuka karibu kabisa na nyumba. Ripoti ya Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi, iliyotoka mwezi wa tisa 2023, ilieleza jinsi familia zilivyoondolewa huko bila mashauriano ya kutosha na kwa fidia ndogo.

Katika uhamisho wa namna hii, watu hutawanyika. Mmoja anapata kiwanja upande wa Luilu, mwingine anapanga nyumba Manika, mwingine anarudi kijijini. Timu ya mtaa inakufa kwa sababu kipa na mshambuliaji hawakai tena pamoja. Kwaya inapoteza sauti. Wamama waliokuwa wanakutana kusuka nywele na kutunza pesa za likelemba wanatengwa na nauli. Mji una uwanja mkubwa wa Manika, unaobeba leo jina la Dominique Diur, na ni fahari ya wote. Lakini mtoto wa miaka nane hachezi huko baada ya shule. Anachohitaji ni kiwanja cha karibu, ambacho mama yake anaweza kukiona akiwa mlangoni.

Kinachoweza kuandikwa

Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inailazimu kompani inayochimba kukubaliana na jamii juu ya daftari la majukumu, na kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoguswa na mgodi. Kanuni za mwaka huo huo zina kiambatisho cha 18, kinachohusu uhamishaji, fidia na makao mapya. Familia nyingi huingia kwenye mikutano hiyo zikiwa na hesabu ya mabati na vyumba peke yake. Shule, zahanati, kisima na barabara vikitajwa, watu hupiga makofi, na mkutano unafungwa.

Hapo ndipo kumbukumbu ya serkle inaweza kufanya kazi. Inatukumbusha kwamba mji huu uliwahi kuona mapumziko ya mfanyakazi na mchezo wa mtoto kuwa mambo ya kutengewa pesa. Kompani ya zamani ilifanya hivyo kwa faida yake, kwa ubaguzi, na bila kuwauliza watu. Sasa watu wenyewe wanaweza kuyadai, tena kwa maandishi.

Familia inayoitwa kwenye mkutano wa fidia ingefaa iende na karatasi yake. Iandike mtaa ulikuwa na viwanja vingapi vya kuchezea, ukubwa wake kwa hatua, na nani walivitumia. Iandike kwaya, timu, vikundi vya wamama na mahali walipokutania. Majirani watatu au wanne waweke saini. Kama kuna picha ya zamani ya timu imesimama mbele ya goli, iambatanishwe. Kisha waulize swali moja kabla ya kukubali kiwanja kipya: watoto watacheza wapi, na eneo hilo litaandikwa kwa jina la nani ili lisiuzwe kesho?

Wazee wanaokumbuka serkle nao wana kazi hapo. Wao ndio wanaojua uwanja ulipokuwa, nani aliufyeka, na timu ziliitwaje. Wakiandikiwa leo, jibu litakuwepo siku ofisi itakaposema kwamba mahali pale palikuwa pori tu.