Msanidi wa kujitegemea

Tarehe 20 Februari 2013, Sony ilipoitangaza PlayStation 4 mjini New York, miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwemo Jonathan Blow, ambaye hakuwa mwajiriwa wa kampuni yoyote kubwa ya gemu. Alikwenda kuonyesha The Witness, gemu ya mafumbo aliyokuwa akiiunda na kikundi kidogo kwa fedha zilizotokana na gemu yake ya 2008, Braid. Magazeti ya Kiingereza humwita mtu wa namna hii "indie developer". Kwa Kiswahili tumwite nani?

Nusu ya jina haisumbui sana. Google na wenzake wameshatuzoesha "msanidi programu", na neno limekaa. Wapo wanaopendelea "mtengenezaji", lakini kwenye habari za konsoli neno hilo linavuruga, kwa sababu Sony nayo ni mtengenezaji: imetengeneza mashine. Ukiandika kwamba mtengenezaji alimwomba mtengenezaji kibali, msomaji atajua wewe ndiye uliyepotea. Basi mashine ina mtengenezaji, gemu ina msanidi. Nasema gemu kwa kuwa ndivyo wasemavyo vijana kwenye vibanda vya PlayStation, na kwa kuwa ukurasa wa michezo gazetini una wenyewe: Simba na Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards.

Kazi iko kwenye hilo "indie". Wengi huandika "huru", nami naona limeteuliwa kwa haraka. Kwa Kiswahili aliye huru hana bwana juu yake: mtumwa aliyekombolewa, nchi iliyoshusha bendera ya mkoloni, mshtakiwa aliyeachiwa na hakimu. Msanidi wa gemu za konsoli kubwa hajawahi kuwa hivyo tangu miaka ya themanini.

Kabla ya hapo, uhuru huo ulikaribia kuwezekana. Konsoli ya Atari 2600, iliyotoka 1977, haikuwa na kufuli ndani yake. Mwaka 1979 baadhi ya waandishi wa programu wa Atari waliondoka, wakaanzisha Activision na kuanza kuuza kaseti zao za mashine ileile. Atari ilikwenda mahakamani. Shauri likaishia kwenye mapatano ya 1982, Activision ikikubali kulipa mrabaha. Wengine waliona mlango uko wazi wakajazana, wengi wao na gemu mbovu, na mwaka 1983 soko la Amerika Kaskazini likaporomoka. Si gemu mbovu peke yake zilizoliangusha, lakini ndizo Nintendo ilizozitazama. Mashine yake ya NES ilipofika Marekani mwaka 1985 ilikuwa na chipu ya kufunga: kaseti isiyokuwa na chipu mwenzake haikucheza. Kampuni yenye leseni iliruhusiwa gemu tano kwa mwaka, na kaseti zenyewe zilitengenezwa na Nintendo.

Kwenye konsoli kubwa mlango huo haujafunguliwa tena mpaka leo, ingawa walinzi wake wamekuwa wapole zaidi. Anayetaka gemu yake iingie kwenye konsoli husaini mkataba wa siri, hupewa konsoli ya kusanidia, yaani mashine maalumu inayokubali programu ambazo hazijaidhinishwa, kisha hupeleka kazi yake kwenye ukaguzi. Nintendo huuita Lotcheck. Wakaguzi hawaulizi kama gemu inapendeza. Wanauliza itafanya nini pedi ikizima katikati ya mchezo, au nafasi ya kuhifadhi ikijaa, na kama kila kitufe kimetajwa kwa jina lake rasmi. Mwisho wa yote mwenye konsoli hukata fungu lake katika mauzo.

Sasa mtu aliyepita njia hiyo yote awe huru kwa nani? Kwa mchapishaji tu. Huyo ndiye anayetoa fedha za usanidi, anayelipia matangazo, anayeamua gemu itoke lini, na mara nyingine anayebaki na haki za jina lake. Mwaka huohuo wa 2013 ulilionyesha jambo hili vizuri kuliko kamusi. Microsoft ilitaka kila gemu ya Xbox One ije kwa mkono wa mchapishaji. Mwezi Juni, kwenye maonyesho ya E3 jijini Los Angeles, Sony ikawapanga jukwaani wasanidi wadogo na kazi zao, zikiwemo Transistor na Octodad. Julai Microsoft ikageuza kauli, na Agosti ikatangaza mpango wa ID@Xbox, ambao uliwaahidi wasanidi waliokubaliwa konsoli mbili za kusanidia bila malipo. Leseni ilibaki na ukaguzi ulibaki. Aliyeondoka ni mtu wa kati.

Hali hiyo ina jina lake kwetu zamani. Wakili wa kujitegemea bado huapishwa, hulipia leseni yake na huinama mbele ya jaji. Kujitegemea kwake ni kwamba haajiriwi na serikali na hula kwa jasho la ofisi yake. Kwa hiyo: msanidi wa kujitegemea. "Binafsi", tunalolitumia Tanzania kwa mgombea asiye na chama, halitufai hapa, kwani hata Electronic Arts, mchapishaji mkubwa wa gemu, ni sekta binafsi.

"Huru" ningeliweka akiba kwa wasanidi wa Ouya. Konsoli hiyo ilichangiwa zaidi ya dola milioni 8.5 kupitia Kickstarter mwaka 2012, ikauzwa dola 99, na kila mashine iliyonunuliwa ilikuwa pia konsoli ya kusanidia. Kufuli halikuwepo, wanunuzi nao walikuwa wachache. TowerFall, gemu yake iliyosifiwa kuliko zote, ilihamia PlayStation 4 mwaka 2014, na duka la Ouya likafungwa 2019.

Neno likishachaguliwa lina gharama yake, nayo ni kuwakataa baadhi ya watu. Hollow Knight ya Team Cherry, kikundi cha watu wachache wa Adelaide waliojichapishia wenyewe, inapita bila ubishi. Stardew Valley inasumbua: Eric Barone aliichora, akaiandikia programu na muziki peke yake, lakini ilipotoka 2016 mchapishaji alikuwa Chucklefish. Mimi ningemkubali, maana mchapishaji hakuwa amemlipia miaka ya kuisanidi. Tales of Kenzera: ZAU ya 2024 ningeikataa, ingawa roho inauma. Imetoka Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na mchezaji anaweza kuisikiliza yote kwa Kiswahili. Lakini imechapishwa na Electronic Arts. Kiingereza huiita "indie" kwa sababu studio ni ndogo na mtindo wake ni wa namna fulani. Kwa Kiswahili hiyo ni gemu ya studio ndogo, na tusiandike zaidi ya hapo.

Kasoro moja siwezi kuiziba. "Gemu ya kujitegemea" haiwezekani, maana gemu haijitegemei, na "gemu za wasanidi wa kujitegemea" haitoshi kwenye kichwa cha habari cha safu mbili. Wahariri wataandika "gemu za indi", na kwenye kichwa cha habari sina ugomvi nao.