Mtoto akiachwa maktabani, wa kumwangalia ni nani? Uzi wa historia, tukianzia Voi

1. Swali hili huzuka kila maktaba zikitajwa kwenye siasa za kaunti. Mtoto wa miaka saba akishinda maktabani peke yake, likatokea la kutokea, wa kulaumiwa ni nani? Kuna wanaosema mzazi, basi. Kuna wanaosema serikali, basi. Mimi nasoma sayansi ya siasa na naona pande zote mbili zinaruka historia. Hebu twende nayo polepole. Sitaji mwanasiasa wala chama.

2. Zamani swali lenyewe halikuwepo, kwa sababu mtoto wa Kiafrika hakufika hata mlangoni. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu. Ilikuja kufunguliwa kwa watu wote 1962, uhuru ukiwa unabisha hodi. Miaka thelathini na moja! Kwa hiyo mtu akisema "maktaba si mahali pa watoto wa kila mtu", ajue maneno hayo yana ukoo wake.

3. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya 1965 iliyounda Huduma ya Maktaba za Taifa. Lengo lilikuwa vitabu vitoke Nairobi vimfuate mwananchi. Kule Garissa, kuanzia 1996, vilibebwa hadi kwa ngamia. Huku kwetu matawi yalifika Voi, Wundanyi, mpaka Werugha kule juu milimani.

4. Sasa angalia matumizi. Waliojaa humo hawakuwa wazee wanaosoma riwaya. Walikuwa wanafunzi. Shule nyingi hazina maktaba, na nyumba nyingi hazina meza wala mwanga wa kutosha. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani nchini. Wale wale wakitoka shule wanahitaji pa kusomea.

5. Hapo ndipo maktaba ikaanza kufanya kazi ambayo hakuna aliyeiandika popote: kulea. Mama anauza mboga sokoni, shule zimefungwa, nyumbani hakuna mtu. Amwache mtoto wapi? Barabarani, au mahali penye viti, paa na vitabu? Mimi siwezi kumwita huyo mama mzembe. Amechagua mahali salama kuliko pengine pote anapopaweza.

6. Lakini tumsikilize na mkutubi. Yeye amesomea vitabu, hakuajiriwa kama yaya. Yuko mezani, anaandikisha wanaoazima, anajibu maswali, na hapo hapo kuna mtoto ameenda chooni na watu wazima asiowajua wanaingia na kutoka. Maktaba ya umma haichagui wa kuingia. Hiyo ndiyo sifa yake, na kwa mtoto asiye na mtu, hiyo hiyo ndiyo hatari yake.

7. Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa, na kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea. Kinasema pia maslahi bora ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo anayesema "ni mzazi" ana hoja. Ila sheria haikuishia kwa mzazi.

8. Somo la ugatuzi liko kwenye Jedwali la Nne. Maktaba ni kazi ya kaunti. Vituo vya kulelea watoto pia ni kazi ya kaunti. Lakini maafisa wa watoto wako chini ya serikali kuu. Polisi, serikali kuu. Barabara kuu ya Mombasa–Nairobi inayopita Voi, serikali kuu. Na wanyamapori wa Tsavo, ambayo imechukua takriban asilimia 62 ya kaunti hii, serikali kuu.

9. Unganisha sasa. Mtoto akiwa ndani ya maktaba ni wa kaunti. Akitoka jioni, malori yanayopita ni ya barabara ya taifa. Akiwa anaishi vijijini karibu na mbuga, kuchelewa njiani kuna maana nyingine kabisa: ndovu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hapa mikono ni miwili, na kila mmoja unangoja mwenzake aanze.

10. Hatuko peke yetu. Marekani, miaka ya 1980, wazazi wengi walikuwa kazini na watoto wakimiminika maktabani baada ya shule. Wakutubi walilalamika vivyo hivyo. Maktaba nyingi zikaandika kanuni: umri gani mtoto aje na mtu, na saa ya kufunga ikifika hajachukuliwa, mfanyakazi afanye nini. Kanuni hazikumaliza ubishi, lakini kila mtu alijua zamu yake.

11. Kwa hiyo mgombea akikuahidi maktaba mpya, usipige makofi haraka. Muulize:
– Kuna kanuni iliyoandikwa ya watoto wasio na mlezi, na imebandikwa mlangoni kwa Kiswahili?
– Sehemu ya watoto inaonekana kutoka mezani kwa mkutubi?
– Saa ya kufunga, nani anabaki na mtoto ambaye hajafuatwa?
– Namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, iko ukutani?
– Bajeti ina mshahara wa mtu wa watoto, au ina rangi na jiwe la uzinduzi tu?

12. Msimamo wangu: mzazi abaki na wajibu wake, lakini asiachiwe peke yake na serikali inayojua vizuri kwamba hana pa kumwacha mtoto. Kumfukuza mtoto maktabani ili asipatwe na baya ni kumrudisha barabarani, na tena ni kurudi 1931. Maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti yakiitishwa, nenda na hayo maswali matano. Hata moja tu likijibiwa kwa maandishi, tumepiga hatua.